Chakula cha Mama Hakikukuua

Malukhu, Mbale
Novemba 1998

Baba,

Leo sina salamu. Salamu ni za watu waliopatana, na mimi na wewe tumekosana tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Wewe huna habari. Umelala kijijini kwenu huu mwaka wa tatu, huulizwi kitu, hujibu kitu. Mimi siku hiyo nilisimama katikati ya zahanati yetu nimeshika kikombe cha maji, kimelala upande hadi maji yananimwagikia viatuni. Daktari akaniuliza, "Sista, una malaria?"

Sina malaria. Nina hasira na wewe, na kwa kuwa siwezi tena kukushika mabega nikutikise, ninaandika.

Alikuwa amekuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka kule Wanale. Kifua kilikuwa kinambana, naye ameteremka kwa miguu akidhani ni tumbo limejaa gesi. Daktari akampa kidonge kidogo sana, akamwambia akiweke chini ya ulimi, asimeze. Hata dakika tano hazikwisha, kifua kikamwachia. Tukafurahi. Kisha mzee akafumba macho, akabonyeza vidole viwili kwenye paji la uso, hapa juu ya pua, akasema, "Dokta, kifua iko sawa. Lakini kichwa. Kichwa nataka kupasuka."

Vidole viwili, Baba. Mahali palepale.

Mwaka niliosomea unesi Jinja, nikilala nyuma ya pazia katika chumba chako cha Bugembe, kila Jumatatu jioni nilikukuta hivyo. Umekaa kwenye kigoda, kitambaa kilicholowa maji kichwani, vidole viwili kwenye paji, redio umezima. Ulikuwa unasema, "Hii kichwa natoka nayo Mbale." Jumanne ulikuwa mzima, unapiga mluzi, unanipigia kelele nikiwa bado natafuta viatu: "Koplo! Simama wima! Wewe mtoto ya askari!" Nami nilikuamini. Kichwa kinatoka Mbale. Kifua kinatoka Mbale. Kila kibaya kilikuwa kinatoka Mbale, na Mbale ilikuwa na mtu mmoja tu wa kulaumiwa.

Daktari alimwambia yule mwalimu asiogope. Akasema ni kawaida kwa dawa ile, mishipa ya moyo imefunguka na ya kichwa nayo imefunguka, basi damu inagonga. Halafu akacheka, maana daktari wetu akijua jambo lazima alitolee darasa. "Hii ni baruti, Mwalimu," akasema. "Ile ile ya kupasulia mawe. Imepunguzwa tu, haiwezi kulipuka."

Nikauliza, baruti gani? Nilidhani ni utani.

Si utani. Alinieleza nikiwa bado nimeshika kikombe. Mwezi uliopita redio ilitangaza kwamba wataalamu watatu wamepewa tuzo kubwa ya dunia kwa kugundua kazi ya hewa moja ndani ya mwili wetu, inaitwa naitriki oksaidi. Mishipa yetu yenyewe inaitengeneza, Baba, katika ngozi yake ya ndani. Inatoka kidogo kidogo, na kazi yake ni kuuambia mshipa: legea, panuka, acha damu ipite. Ikikosekana, mshipa unakaza na moyo unalia. Na yale mafuta yaliyomo ndani ya baruti, yakishaingia kwenye damu, yanatoa hewa hiyo hiyo. Ndiyo maana yanatibu kifua. Watu waliyatumia kama dawa zaidi ya miaka mia bila kujua yanafanyaje. Na hiyo tuzo yenyewe, akasema, iliachwa na tajiri aliyevumbua baruti ya kupasulia mawe, ambaye uzeeni aliandikiwa dawa hiyo hiyo kwa ajili ya moyo wake. Daktari aliliona hilo ni jambo la kuchekesha sana.

Kisha akasema lililonimwagia maji viatuni. Zamani kule Ulaya, wafanyakazi wa viwanda vya baruti walikuwa wakiumwa kichwa kila Jumatatu, kwa sababu yale mafuta yanapita kwenye ngozi ya mikono na yanavutwa puani. Jumanne wanakuwa wameshazoea. Lakini mishipa iliyozoea kufunguliwa kwa nguvu siku sita, ikikosa baruti siku mbili tatu, inajifunga kwa hasira. Kifua kinabana Jumapili. Wengine walikufa Jumatatu asubuhi, kabla hawajafika kazini.

"Na wakifika kazini?" nikamuuliza.

"Wanapona," akasema, kirahisi hivyo.

Wanapona! Baba, unasikia?

Wewe ulishika baruti tangu jeshini. Vita vilipoisha mkarudishwa uraiani, ukapata kazi kwenye machimbo ya mawe upande ule wa Bugembe, ukaifanya miaka tisa kwa mikono mitupu. Pale walikuita Afande Baruti, na ulilipenda jina hilo kuliko la ubatizo. Ulinionyesha mara moja vidole vyako, jinsi vilivyokuwa na rangi ya chai, ukaniambia baruti inanukia ndizi zilizoiva sana. Hakuna aliyekupa glavu. Wenye machimbo hawakukuambia kitu. Ulikuwa unaoga harufu hiyo Jumatatu hadi Jumamosi, kisha unapanda gari unakuja kwetu Mbale kuwa mgonjwa.

Kwa hiyo hesabu yenu mliifanya hivi, wewe na ndugu zako. Akiwa Jinja, mzima. Akija kwa mkewe, kifua. Akirudi Jinja, kichwa siku moja halafu mzima tena. Ni nini kiko Mbale ambacho hakiko Jinja? Mke. Na mke si wa kwenu, ni Mgisu wa mlimani, anapika malewa. Mlikuwa mnayala hayo malewa miaka yote, wewe ukiramba mchuzi wa karanga kwenye kidole, na ghafla yakawa si machipukizi ya mianzi, yakawa "miti". Shangazi zangu walisema amemlisha ndugu yetu miti. Nilikuwa nawasikia. Nilikuwa najua kwamba mtu hawezi kufa kwa malewa, mimi nesi mwenye cheti, na nilinyamaza.

Ila wao nawaelewa. Wao walimwona Mama kwenye harusi na matanga tu. Wewe ulilala naye kitanda kimoja miaka ishirini na miwili. Wewe ulijua mkono wake. Nani alikuficha chini ya magunia ya kahawa kwao Wanale mwaka ule askari wa upande mwingine walipokuwa wanawatafuta? Nani alikupelekea chakula kule siku kumi na moja? Mbona siku zile hukuogopa sumu?

Nakumbuka zile siku za mwisho vizuri kuliko ninavyotaka. Machimbo yalifungwa, mashine ya kusaga kokoto imeharibika, mkaambiwa kaeni nyumbani mpaka mtakapoitwa. Ulikuwa hujawahi kukaa nyumbani wiki nzima tangu nikujue. Ulifika Ijumaa. Jumapili kanisani ulitoka kabla ya mahubiri, ukakaa kwenye ngazi umeshika kifua. Kuanzia Ijumaa ya pili ukaacha kula. Hukusema sababu. Mama aliweka sahani, ukasema umeshiba. Akaweka tena jioni, ukasema tumbo halitaki. Halafu ukatoka ukarudi na ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha, ukakaa uani ukavimenya mwenyewe kimoja kimoja. Soda ulifungua kwa meno yako. Kila kitu ulichokula mbele yetu siku tatu zile kilikuwa na ganda au kifuniko.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sahani. Alielewa kabla yangu. Alirudi jikoni akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Na mimi, Baba, nitaandika na langu ili usidhani nimekuja kwako nikiwa na mikono safi. Jumapili ile ya pili ulininong'oneza, "Koplo, nitafutie chapati kwa yule mama ya barabarani." Nikaenda. Nikakuletea chapati mbili ndani ya gazeti, nimezificha chini ya sweta. Nilijiambia nampa baba chakula tu. Mama aliikuta ile karatasi yenye mafuta kwenye takataka. Alinitazama, akaikunja vizuri kama barua, akairudisha palepale. Hadi leo hajaniuliza.

Jumatatu asubuhi ulifunga begi. Hukuitwa kazini, mashine ilikuwa bado. Ulisema tu, "Nakwenda Jinja. Huko nitapona." Ulimwambia Mama usoni. Ulitembea kutoka hapa hadi kwenye benchi ya yule yule mama wa chapati, ukaketi, ukashika kifua, na hapo ndipo ulipoishia. Na jambo linalonitia wazimu ni kwamba ulikuwa unasema kweli. Ungefika Jinja, ukaingia kwenye ghala, ukashika fimbo moja ya baruti, labda ungepona. Ulikuwa unakimbilia dawa na hukujua ni dawa. Ulikuwa unaikimbia nyumba ambayo haikukufanyia kitu.

Daktari anasema hawezi kuapa. Hakukupasua, hakukupima, anasema mioyo inakufa kwa sababu nyingi na mtu mzima anayevuta sigara kama wewe asitafute mchawi mbali. Sawa. Lakini nilipomweleza siku zako moja moja, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, aliacha kucheka. Akavua miwani, akasema, "Pole, Sista." Mimi hiyo imenitosha.

Huyajui ya baada yako, basi sikiliza. Pikapu ilipokuja kukuchukua kukupeleka kijijini, Mama alipanda akakaa karibu na jeneza, ameshika mbao kwa mkono. Baba Mdogo, mdogo wako huyu wa magereza, akamwambia shuka. Mama hakusikia, au alijifanya hakusikia. Baba Mdogo akasema tena mbele ya Malukhu nzima: "Umemaliza ndugu yetu, sasa unataka kumsindikiza? Shuka!" Shangazi wawili wakamshusha, mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto. Kiatu chake kimoja kilibaki ndani ya pikapu, kikaenda na wewe. Hakutupa udongo. Mimi nilipanda. Nilipanda, Baba, nikamwacha amesimama barabarani na kiatu kimoja, kwa sababu nilikuwa nataka kukuzika.

Na kampuni? Walituma karatasi yenye muhuri. Imeandikwa kwamba marehemu amefia nyumbani, si kazini, kwa hiyo wao wanatoa pole. Amefia nyumbani. Shangazi waliisoma kwa sauti kama hukumu.

Jumamosi nilikwenda Bugembe. Sikwenda ofisini, huko nitakwenda siku nyingine na mtu anayejua sheria. Nilimtafuta yule mzee wa kuwasha tambi za baruti, rafiki yako mwenye jicho moja. Bado yuko, amestaafu, anauza makaa kando ya barabara kuu. Nikamuuliza kuhusu kichwa cha Jumatatu. Akacheka kwa furaha kana kwamba nimemtajia mpira. "Hiyo sisi wazee tulishamaliza," akasema. "Sisi naweka karatasi ya kufungia baruti ndani ya kofia, Jumamosi na Jumapili, kichwa najua iko kazini. Hata kifua haisumbui." Nikamuuliza, na Baba? Mlimwambia? "Tulimwambia mara mingi. Yeye nakataa. Nasema baruti haiingii nyumba iko na watoto."

Nilikaa chini kwenye gunia la makaa, sketi yangu ya kanisani na kila kitu.

Kwa dakika kama tano sikuwa na hasira na wewe. Nilikuona unatoka kazini Jumamosi, unanawa mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni ya kufulia, unakung'uta kofia, ili usituletee hata harufu. Ulitulinda sisi. Halafu hasira ikarudi, na ilirudi imenona. Walijua! Si kwa vitabu, si kwa tuzo, lakini kila mzee pale alijua kwamba mwili ulishaizoea baruti na unaidai. Msimamizi wenu lazima alijua. Na wewe uliambiwa kwa mdomo kwamba kifua hakisumbui mwenye karatasi kwenye kofia, ukakataa karatasi, sawa, hilo nakusifu. Lakini hukujiuliza? Hukupiga hatua moja mbele kwa akili yako, ukasema, kumbe kinachoniumiza ni kukosa baruti, si mke wangu? Mtu aliyejua kupima utambi kwa sekunde! Ulikuwa na jibu mkononi, ukaona ni rahisi zaidi kumshuku Mama.

Jumapili baada ya ibada nikamfuata Baba Mdogo kwenye nyumba za askari wa magereza. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nikamweleza yote, hewa, mishipa, kidonge, mzee wa tambi. Alinisikiliza akiwa anapiga buti rangi. Mwishoni akasema, "Binti, mambo ya hewa mimi sijui. Mimi najua ndugu yangu alikuwa napona akitoka kwa huyu mwanamke." Nikamwambia ndiyo, Baba Mdogo, hilo ndilo ninalokuambia. Akaendelea kupiga brashi. Halafu brashi ikasimama. Akasema polepole kwamba hata kule jeshini, kwenye kikosi cha kupasua barabara, ulikuwa nayo hiyo kichwa. Kila mkitoka kwenye ruhusa. Afande wenu alikuwa anawaita walevi na kuwakimbiza uwanjani. "Na wakati huo," akasema, "alikuwa hajaoa."

Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Alisema mwenyewe, akajisikia akisema. Nilimwona uso ukibadilika, nikaona afadhali nitoke nje nimwache na buti zake. Aliponifuata alisema nimlete Mama kijijini atupe udongo kaburini, na yeye mwenyewe atamshika mkono.

Jana nikamweleza Mama. Nilikuwa nimejipanga vizuri, hata nilichora mshipa kwenye karatasi, ukiwa umebana na ukiwa umelegea. Mama alikuwa anachambua malewa, anatupa yale magumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mchoro hakuutazama. Nilimaliza nikangoja alie, au aruke, au awatukane shangazi zangu kwa Kigisu, nami nilikuwa tayari kumsaidia.

Akauliza, "Basi zile siku tatu alishinda na njaa bure?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Na mimi nilikuwa nimepika."

Hicho tu. Hakuuliza kuhusu jina lake, wala kampuni, wala kama daktari anaweza kuandika cheti. Akaendelea kuchambua, na mimi nikatoka uani nikapiga teke ndoo ikagonga ukuta wa jirani. Nilikuchukia, Baba. Naomba uelewe. Nilikuchukia na nilitamani uwe hai nikupeleke jikoni kwa sikio, mtu mzima wewe na ndevu zako, nikuketishe.

Kuhusu kwenda kaburini, Mama amekataa. Anasema yeye hakuondoka, alishushwa, na anayemshusha mtu ndiye anayemfuata. Hataki mbuzi, hataki kuombwa msamaha mbele ya mkutano. Anataka kitu kimoja. Baba Mdogo aje hapa Malukhu mchana, mlango ukiwa wazi, majirani wakipita, aketi mezani na ale malewa yake. Asionje. Ale. Leo asubuhi nilimpelekea ujumbe huo. Alishusha pumzi, akauliza ni saa ngapi. Nikasema Jumamosi, saa saba.

Sikuahidi kukusamehe, sina hakika bado. Ninachokuahidi ni hiki. Jina la Mama halitatajwa tena na sumu mahali nilipo mimi, iwe kijijini kwenu, iwe sokoni, iwe kwenye matanga ya mtu yeyote. Nitakwenda Bugembe kuwaambia wale vijana wanaoshika baruti sasa, mmoja mmoja, kwa Kiswahili hiki chetu cha kambini, kwamba kifua kikibana Jumapili wasitazame sahani, waje kwa daktari, na wadai glavu. Nitarudi hata wakinifukuza.

Lala, Baba. Nakukumbuka sana, na hilo nalo linanikasirisha. Jumamosi Mama atapakua, na kabla Baba Mdogo hajanawa mikono mimi nitakuwa nimeshaanza kula, maana baada yako wewe, aliyemkosea wa kwanza ni mimi.

Mwanao,
Amoding